Tumbo la Mwalimu

Jioni ile Mwalimu alipoinuka mezani ameziba mdomo kwa kiganja, mumewe alikuwa katikati ya hotuba kuhusu ute wa tumbo. Si kwamba kulikuwa na aliyemuuliza. Binti yao alikuwa amelalamika tu kwamba mchuzi umezidi pilipili, na hilo likamtosha Fundi kuweka kijiko chini, kusafisha koo na kuanza.

"Unajua mwanangu, tumboni mna asidi inayoyeyusha nyama. Nyama kabisa! Sasa jiulize, na tumbo lenyewe ni nyama, mbona halijili?"

"Kwa sababu ya ute, baba," binti alisema bila kuinua macho. "Utando mwembamba kuliko karatasi. Ushatuambia."

"Mwembamba kuliko karatasi!" Fundi alirudia kwa furaha, kana kwamba mtoto amegundua mwenyewe. "Na ukiupaka rangi ile ya pili, basi unatoka pinki, pinki ambayo..."

"Baba, mama hayupo."

Kiti cha Mwalimu kilikuwa kitupu. Kutoka bafuni ilikuja sauti ya mtu anayetapika huku akijitahidi asisikike. Fundi alipofika mlangoni, mkewe ameshika kingo za sinki kwa mikono miwili, na ndani ya sinki mna kitu cheusi, chengachenga, kama makapi ya kahawa.

Alikijua. Mtu yeyote aliyefanya kazi na matumbo ya watu kwa miaka ishirini na tatu angekijua: damu iliyokutana na asidi. Maneno yote ya kitaalamu yalimjia kichwani kwa mpangilio mzuri. Ila kinywani likatoka moja tu.

"Umekula nini?"

"Nimekula hotuba yako," Mwalimu alisema, akasukutua mdomo, akafungua bomba.

 

Asubuhi walikuwa hospitalini, hospitali ileile ambayo Fundi alifanyia kazi. Daktari aliyemmulika tumbo kwa mpira wenye kamera alikuwa kijana mpole, mwenye tabia ya kuuliza maswali akiandika. Alisema ameona michubuko na kidonda kidogo kilichovuja damu. Amenyofoa vipande vinne vidogo vya nyama kama punje za mchele, viende maabara.

"Kuna dawa zozote unatumia, mama?"

Mwalimu alimtazama mumewe, kisha akatazama sakafu. "Za maumivu. Za magoti."

"Tangu lini?"

"Mwaka jana. Mwanzoni mwanzoni."

"Kila siku?"

"Siku za shule."

"Ukiwa umeshakula?"

Mwalimu akatikisa kichwa. Daktari akainua kalamu. "Hizo ndizo zinazochubua tumbo, mama. Zinaondoa kinga yake. Hakuna mtu nyumbani aliyekwambia?"

"Nyumbani yupo huyu," Mwalimu alisema. "Yuko maabara ya hapa. Anapaka rangi matumbo ya watu."

Daktari alimgeukia Fundi, akamtazama kama mtu anavyomtazama fundi cherehani aliyechanika suruali makalioni. Fundi akatabasamu. Hakujua kwa nini anatabasamu, lakini akishaanza jambo huwa hajui kuliacha, kwa hiyo alitabasamu mpaka walipotoka nje ya mlango.

"Mwaka mzima?" alimuuliza kwenye korido.

"Mwaka na miezi."

"Ulikuwa unazificha wapi?"

"Kwenye kabati la vikombe. Wewe huoshi vyombo."

 

Kazini wote walimwita Fundi Rangi. Hata mama mkwe wake, siku ya kwanza kusikia kwamba mchumba wa bintiye ni mpaka rangi, alimwomba aangalie sebule ile itahitaji makopo mangapi. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: kipande cha nyama ya mgonjwa kinagandishwa ndani ya nta, kinakatwa vipande vyepesi kiasi cha kupeperushwa na pumzi, kinabandikwa kwenye kioo, halafu kinapakwa rangi ili daktari akikitazama kwa hadubini aone kilicho kizima na kilichoharibika. Bila rangi ni kama kutazama kipande cha plastiki majini.

Mwenzake alikuwa mama mmoja mnene, mwenye mikono mitulivu kuliko ya mshona nguo za maharusi. Yeye ndiye mkataji, nao walimwita Bi Kisu. Kichupa chenye vipande vya Mwalimu kilipofika mezani, Bi Kisu alisoma jina, akakivuta upande wake.

"Hiki hukishiki."

"Bi Kisu..."

"Sheria ya humu unaijua, si umeiandika wewe? Cha ndugu yako hukigusi. Nitakata mimi, nitapaka mimi."

"Wewe unapaka kama mtu anayepiga ukuta chokaa."

"Afadhali chokaa kuliko machozi," alisema Bi Kisu. "Nenda kanywe chai, shemeji."

Fundi alienda akanywa chai. Alikubali kabisa. Akaendelea kukubali siku ile na siku iliyofuata, wakati vile vipande vikipitishwa kwenye dawa na nta, na Bi Kisu alipovikata na kuvibandika kwenye vioo tayari kwa kupakwa Alhamisi. Alikubali hata alipoamka Jumatano, akavaa, akamwambia mkewe anawahi foleni ya benki. Alipofungua mlango wa maabara saa kumi na mbili na nusu asubuhi, huku Bi Kisu bado yuko kwake anajimwagia maji, bado alikuwa anakubali. Ila mikono ilikuwa imeshavaa glavu.

Kwa matumbo walitumia rangi mbili juu ya kioo kimoja. Ya kwanza bluu. Hii hushika ute wa utumbo. Ya pili si rangi hasa, ni maji meupe yanayokaa kwenye chupa nyeusi ndani ya friji, na yakikutana na ute wa tumbo zima yanawaka pinki. Tumbo lenye afya hutoka na ukingo wa pinki kama mdomo uliopakwa na mtu mwenye haraka. Bluu ikionekana tumboni, maana yake tumbo limechoka kuwa tumbo, limeanza kujigeuza utumbo. Na hiyo ni njia ambayo mara nyingine, mbele huko, hufika kwenye saratani.

Na kila mara, bila kukosa, kioo cha mgonjwa kilipakwa pamoja na kioo kingine cha tumbo linalojulikana kuwa zima. Hicho walikiita shahidi. Shahidi akitoka pinki, dawa ziko sawa. Asipotoka pinki, tatizo ni dawa, si mgonjwa. Ukutani juu ya sinki palikuwa na karatasi kubwa, ya mwandiko wa Fundi mwenyewe: MARUFUKU KUPAKA BILA SHAHIDI. Alikuwa amepiga mstari chini mara tatu. Wanafunzi wa mafunzo walimwigiza, vidole vikiwa hewani: "Bila nani? Bila shahidi!"

Vioo vya shahidi vilikuwa kwenye droo ya Bi Kisu, na droo imefungwa.

"Leo tu," Fundi alijiambia.

Akatumbukiza kioo kwenye bluu, akaanza kufikiria. Alifikiria binti yao atasukwa nywele na nani. Alifikiria kwamba yeye mwenyewe hajui viberiti vinawekwa wapi. Alipokumbuka kutazama saa, kioo kilikuwa kimekaa kwenye bluu mara mbili ya muda wake. Akakisuuza, akanyoosha mkono ndani kabisa ya friji, akashika chupa nyeusi, akamalizia.

Kisha akainama kwenye hadubini.

Bluu. Alisogeza kioo kushoto: bluu. Kulia: bluu. Kila kipande kati ya vile vinne, bluu tupu, na pinki hakuna hata ya kusingiziwa.

Kusoma majibu haikuwa kazi yake. Kulikuwa na daktari kwa ajili hiyo. Lakini miaka ishirini na tatu mtu hakai tu kama ukuta. Alikaa kwenye stuli mpaka akasikia ndala za Bi Kisu mlangoni. Akakifuta kioo vizuri, akakiweka kwenye trei ya Daktari wa hadubini pamoja na vya watu wengine.

"Umewahi leo," Bi Kisu alisema.

"Benki kulikuwa na foleni," Fundi akajibu.

 

Mwalimu aliporudi kutoka shule alimkuta mumewe jikoni, amevaa aproni yake, anaosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

"Karibu, mke wangu," alisema. "Pole na kazi. Umependeza."

Mwalimu alijitazama. Amevaa gauni lake la kijivu la Jumatano, lenye chaki mpaka kiwikoni.

"Nimependeza?"

"Sana. Kaa, nikuletee maji. Ya uvuguvugu au ya baridi? Nitaleta yote."

Binti alikuwa anafanya hesabu zake pembeni. Alimngoja baba aingie stoo, akanong'ona, "Mama, baba kagonga gari la mtu?"

Walipokaa kula, Fundi alimpakulia mkewe, akamsogezea mto mgongoni, akaukuta haukai vizuri, akausogeza tena. Binti akamwangalia kwa muda. Kisha, kama mtu anayerusha mfupa aone kama mbwa ni mzima, akasema, "Baba, hivi ile asidi ya tumboni ina nguvu kuliko ya kwenye betri ya gari?"

"Kula, mwanangu," alisema Fundi kwa upole. "Chakula kitapoa."

Mwalimu akaweka kijiko chini.

"Chukua sahani yako ukamalizie kwa jirani," alimwambia binti. "Mwambie nimekutuma ukasome na mwanawe."

Mlango ulipofungwa, alimgeukia mumewe. Alikuwa na macho yale ya darasani, yanayomwona mwenye kutafuna nyuma kabisa ya safu.

"Nakufa?"

"Nani kasema..."

"Umeosha vyombo. Umenisifia gauni. Umetupiwa swali la asidi ukaliacha lipite. Baba watoto, miaka kumi na nane nimeishi na wewe. Nakufa?"

Fundi alikuwa na mpango wa kusubiri. Alikuwa ameapa, akirudi, kwamba atafunga mdomo mpaka Daktari aandike. Lakini mdomo wa Fundi haukuwa kitu cha kufungwa kwa ahadi.

"Ni bluu," alisema, na sauti ikamkatika. "Yote ni bluu, mama watoto."

Alimweleza. Mara hii hakuongeza kitu wala kutafuta mfano wa kupendeza. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho.

"Daktari kasema hivyo?"

"Daktari bado hajaona."

"Umeona wewe."

"Nimeona mimi."

Akaamini. Hilo ndilo lililomuuma Fundi baadaye kuliko yote. Mambo mengine ya mumewe Mwalimu aliyapima mara mbili, kuanzia habari za mvua mpaka ahadi ya kurekebisha bawaba ya dirisha. Lakini kwa ute wa tumbo hakuwa na mtu mwingine duniani wa kumwamini.

"Mbona hukuniambia kwamba linauma?" Fundi aliuliza.

"Ningekwambia lini? Ukiwa unaongea?"

"Ungenikatiza."

"Nikukatize nikwambie tumbo linauma, halafu unieleze tumbo?" Hakusema kwa hasira, alisema kama mtu anayesahihisha daftari la mwanafunzi aliyemchosha. "Nilijua utanieleza. Utaniambia nilikosea wapi, kidonge gani kinafanya nini, utando gani umetoka. Ningepata hotuba yangu peke yangu. Nilikuwa naumwa, baba watoto. Sikuwa na haja ya kuelezwa."

Fundi akaanza kukusanya sahani mezani.

Mwalimu aliinuka akatoa pasi. Akapiga pasi blauzi nyeupe ya kola, ile ya kuitwa na wakubwa.

"Unaenda wapi na hiyo?"

"Kesho nina maongezi mafupi na mwalimu mkuu," alisema. "Nimeyaahirisha miaka kumi na tisa."

 

Asubuhi, Fundi hata hajavaa koti vizuri, Daktari wa hadubini alimwita chumbani kwake. Alikuwa mwanamke mdogo kwa umri, na kupaka rangi mara ya kwanza alifundishwa na Fundi huyuhuyu, enzi akiwa mwanafunzi. Kwa hiyo bado alimwamkia.

"Shikamoo, Fundi. Hebu njoo uangalie. Hii ni nini?"

"Marahaba. Ni... ni tumbo lililogeuka lote, Daktari. Najua. Ni la nyumbani."

"Najua ni la nyumbani, nimesoma jina. Inama." Akasogeza kioo. "Hapa ni msuli. Rangi gani?"

"Bluu."

"Hapa ni mshipa wa damu."

"Bluu."

"Hapa pembeni hapana nyama kabisa. Ni kioo kitupu. Rangi gani?"

"Bluu."

"Kioo nacho kimegeuka utumbo?"

Daktari akaivuta trei karibu, akavihesabu vioo.

"Shahidi yuko wapi, Fundi?"

Fundi akatazama nje. Kupitia mlango ulio wazi, ukutani juu ya sinki, maandishi yake yalikuwa yanasomeka mpaka pale, na ile mistari mitatu.

Bi Kisu alikuja na chupa nyeusi ameishika kwa vidole viwili, kama panya. Akamimina kidogo kwenye gilasi. Yalitakiwa yawe maji meupe. Yalitoka na rangi ya sharubati iliyozidishwa maji. Akaigeuza chupa upande wa lebo, akasoma kwa sauti, polepole, kwa raha ambayo hakujaribu kuificha.

"'Imekufa. Isitumike. Nitaimwaga kesho.' Halafu kuna tarehe ya mwezi uliopita, na sahihi." Akamwangalia. "Unaijua hii sahihi, shemeji? Maana naona ina mkia mrefu."

Fundi alinyang'anywa glavu. Aliketishwa kwenye stuli karibu na dirisha, mikono mapajani, akaambiwa asiguse kitu chochote hata kikombe. Bi Kisu alipaka upya, kipande kingine cha tumbo lilelile na shahidi kando yake, kwa chupa mpya, na kila hatua akaitamka kwa sauti ili mtu wa kwenye stuli ajifunze. Ilichukua zaidi ya saa moja na nusu. Daktari akavitazama vioo kwa muda mrefu, cha shahidi kwanza, kisha cha Mwalimu, kisha kingine cha rangi ya tatu inayoonyesha vijidudu. Kisha akasogeza kiti.

"Angalia."

Pinki. Michubuko ilikuwepo, na sehemu nyingine ule ukingo ulikuwa umelika kabisa, lakini palipobaki ute palikuwa pinki, pinki ambayo Fundi alikuwa ameieleza mara mia bila kujua kwamba siku moja ataililia. Kwenye kipande kimoja tu, pembeni, palikuwa na kijisehemu cha bluu, kama tone la wino kwenye shati la mwanafunzi.

"Kuna vijidudu, tunavitibu, wiki mbili za vidonge," Daktari alisema. "Dawa za magoti aache, atapewa nyingine. Hicho kibluu tukifuatilie. Mwakani amulikwe tena, asikose. Si kifo, Fundi. Na si mchezo pia."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Machozi yalikuwa yameingia ndani ya hadubini, na Bi Kisu akampa karatasi, si kwa ajili ya macho, kwa ajili ya lenzi.

"Kuna mtu ulimwambia?" Daktari aliuliza.

"Hapana. Mtu mmoja tu."

"Nani?"

"Mgonjwa."

Bi Kisu akashika kichwa kwa mikono yote miwili.

 

Simu ya Mwalimu ilikuwa imezimwa, kama kila siku ya shule. Kwa miguu shule ilikuwa dakika ishirini kwa mtu mwenye pumzi. Fundi alitumia thelathini, na koti la maabara mwilini. Alipofika uwanjani aliona walimu wawili watatu wamesimama chini ya dirisha la ofisi, wakijifanya wanakagua maua. Sauti ya mkewe ilikuwa inatoka humo, kubwa na safi, sauti ya imla.

"...sabini na wanane! Sabini na wanane kwenye chumba kimoja, na mimi nimesimama. Kiti changu kilichukuliwa siku ya wageni, kikaja humu ofisini, ukakipenda, kikabaki. Mwaka wa pili huu. Namumunya vidonge asubuhi kabla ya chai ili niweze kusimama mbele ya ubao, na wewe kila Ijumaa unatuhubiria kujituma. Jingine. Ile ripoti ya wakaguzi, uliyoandika kwamba kila darasa lina madawati ya kutosha. La tatu, na hili nasema kwa ajili ya walimu wote, hilo wigi..."

Fundi akausukuma mlango.

"Mama watoto! Subiri!"

"Toka nje, baba watoto. Nimefika kwenye wigi."

"Hufi!"

Mwalimu mkuu, mama wa makamo aliyekaa wima nyuma ya meza kubwa, alimtazama Fundi kutoka kwenye viatu hadi kichwani. "Nani alisema anakufa?"

Dirishani nyuso zikaongezeka.

"Mimi," alisema Fundi.

"Kwani wewe ni daktari?"

"Hapana. Napaka rangi."

Mtu mmoja kule nje alicheka, akajiziba. Mwalimu alikuwa amesimama katikati ya ofisi na blauzi yake nyeupe, mkono bado umenyooka kuelekea lile wigi. Alimgeukia mumewe polepole.

"Sifi vipi?"

"Chupa ilikuwa mbovu."

"Chupa gani?"

"Unajua, ile dawa ya pili, ikikaa nje ya friji hewa inaingia, sasa ule uwezo wake wa..."

Mwalimu aliinua kiganja. Fundi akanyamaza.

Usoni mwa Mwalimu yalipita mambo mengi, na Fundi, ambaye kazi yake ilikuwa kutofautisha rangi, hakuweza kuyatenganisha. Palikuwa na furaha, labda. Palikuwa na hasira ya kumtosha yeye na ukoo wake. Na palikuwa na ule mshtuko wa mtu aliyegawa vyombo vyote kwa ajili ya safari, kisha akaambiwa gari halipo. Mwishowe akaokota mkoba wake.

"Nilisema nikidhani nakufa," alimwambia mwalimu mkuu. "Sasa naishi. Lakini sioni neno hata moja la kufuta."

Akampita mumewe mlangoni, akaenda darasani. Kipindi cha tatu kilikuwa kimeanza.

 

Mwalimu hakumsemesha mumewe siku mbili. Siku ya tatu alimwambia, "Chumvi," naye Fundi akampitishia chumvi kwa mikono miwili.

Huko kazini alitakiwa kuandika kosa lake kwenye kitabu cha makosa na kulisoma mbele ya wenzake wote kwenye kikao cha asubuhi. Alilisoma. Aliandika pia kwamba alivunja siri ya majibu na kuchukua kazi ya daktari, na akapewa barua ya onyo, ambayo alikiri ilikuwa fupi kuliko alivyostahili. Kwa mwezi mzima wenzake walimpisha mlangoni wakiinamisha vichwa: "Fundi, hebu nitazame. Zimebaki siku ngapi?" Dereva wa hospitali alitoa ulimi, akaomba aangaliwe kama una bluu. Fundi alicheka nao. Kulikuwa na nini kingine cha kufanya? Hata yeye, akiwa peke yake kwenye sinki, alikumbuka kioo kitupu kilichogeuka utumbo, akacheka mpaka akashika ukuta, palepale chini ya mwandiko wake.

Mwalimu naye Jumatatu alikuta mambo mawili darasani. Kiti chake kilikuwa kimerudi, pembeni ya ubao, na hakuna aliyesema nani kakileta. Na juu ya kiti palikuwa na barua ya kumtaka ajieleze kwa maandishi kuhusu utovu wa adabu. Aliisoma akiwa amekaa.

 

Vidonge vya wiki mbili vilimfanya mdomo wake uwe na ladha ya sarafu. Siku ya kumi, jua likiwa bado halijazama, alitoka akakaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, amekunja mikono juu ya tumbo. Fundi alimwona kupitia dirisha la jikoni, kwenye sinki. Siku hizi vyombo ni vyake, na kabati la vikombe analijua kila pembe. Akafuta mikono, akaenda kukaa karibu naye. Si karibu sana.

"Linauma?" akauliza.

Mwalimu alimtazama kwa jicho la pembeni. "Unauliza, au unaanza?"

"Nauliza."

"Leo kidogo."

"Linaumaje?"

Alingoja kidogo, kama aliyezoea kwamba baada ya swali la mumewe jibu hutolewa na mumewe. Halikuja. Ndani ya nyumba binti alikuwa anasoma kwa sauti historia ya kitu fulani.

"Linaanzia hapa," Mwalimu alisema, akaweka vidole chini ya kifua. "Si maumivu hasa. Ni kama mtu anakwangua sufuria kwa ndani. Nikila linatulia, halafu likirudi linarudi na wenzake. Mara ya kwanza ilikuwa darasani, mwaka jana, nafundisha kugawanya. Niligeukia ubaoni nikaandika tu, nikaandika, ili watoto wasinione uso."

Fundi alijua hicho kinachokwangua ni nini. Alijua kwa nini chakula kinakituliza na kwa nini kinarudi. Alijua jina la utando, la asidi, la kijidudu, na majina yote yalikuwa yamejipanga kooni mwake, yanasukumana, kila moja linataka kutoka la kwanza. Akayameza, moja baada ya jingine, na hayakuwa madogo.

"Halafu?" alisema.